Valvu Ziwakazo: Habari za Amplifaya za Kale za Gitaa na Besi



Mazungumzo ya leo ni habari za chombo ambacho karibu kila mtu amepata kusikia sauti yake, lakini ni wachache waliotazama ndani yake. Chombo chenyewe ni amplifaya ya gitaa ya namna ya kale, ile ikuzayo sauti kwa taa za kioo ziitwazo valvu.

Jambo la ajabu ni hili. Vyombo vya ufundi vikipitwa na wakati, kwa desturi huachwa. Redio za nyumbani ziliacha valvu zamani, na mashine za kukokotoa hesabu nazo zikaziacha. Walakini wapigaji wa magitaa hawakuziacha. Hata leo, katika Marekani, Uingereza, Japani na nchi nyingine nyingi, wako watu watafutao amplifaya zilizoundwa miaka 60 au 70 iliyopita. Huzinunua kwa fedha nyingi, huzisafisha, na huzitunza kama mtu atunzavyo jahazi la babu yake. Tena viko viwanda viendeleavyo kuunda mpya kwa kufuata michoro ile ile ya kale.

Je, ni kupenda mambo ya kale tu? Kwa sehemu ni hivyo, hatukatai. Lakini iko sababu nyingine iliyomo ndani ya chombo chenyewe, nayo ndiyo nitakayojaribu kuieleza. Kasoro moja, ambayo mafundi wa kwanza walijitahidi kuipunguza, iligeuka kuwa uzuri wa chombo hiki. Wahenga walisema, Kizuri hakikosi ila. Katika habari hii, ila yenyewe ndiyo iliyopendwa.

Kwa nini gitaa lilihitaji msaada

Gitaa la mbao lina tumbo lenye tundu, na sauti ya nyuzi zake hukuzwa na mbao zile pamoja na hewa iliyomo tumboni. Chumbani latosha kabisa. Lakini katika miaka ya 1920 na 1930 bendi za dansi za Marekani zilikuwa na tarumbeta nyingi, ngoma na piano, na mpigaji wa gitaa aliyeketi katikati yao alikuwa kama mtu anong'onaye sokoni. Alionekana akipiga, lakini hakusikika.

Dawa ilipatikana kwa sumaku. Mwaka 1932 kampuni ya California, ambayo magitaa yake yalijulikana kwa jina la Rickenbacker, ilianza kuuza gitaa la umeme. Karibu na nyuzi za chuma iliwekwa sumaku, pamoja na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika penye sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya ule, nao hutikisika kwa kadiri ile ile utikisikavyo uzi. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa, ukipigwa wazi, hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde moja. Basi umeme nao huenda na kurudi mara 82.

Mwaka 1939 kijana aliyelelewa Oklahoma, jina lake Charlie Christian, aliingia katika bendi ya Benny Goodman akiwa na gitaa la umeme. Hapo watu wengi walisikia gitaa likisema peke yake mbele ya bendi, kama tarumbeta au kama mwimbaji.

Lakini umeme utokao katika gitaa ni hafifu mno. Mara nyingi haufiki hata volti moja. Hauwezi kusukuma spika. Yabidi ukuzwe kwanza, na siku zile kitu cha kuukuzia kilikuwa valvu.

Valvu ni nini

Kwa sura, valvu yafanana na taa ndogo ya umeme: ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye vipande vya madini ndani yake. Wazee wengi walikuwa nazo nyumbani bila ya kuziona. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya betri iliyopewa jina la sufuria kwa sababu ya umbo lake la mviringo, na ndani yake zilikuwamo valvu.

Valvu ya kwanza ilibuniwa mwaka 1904 na John Ambrose Fleming, mtaalamu wa Uingereza. Ilikuwa na sehemu mbili: kipande kipashwacho moto, na bamba lililo mbali nacho kidogo. Madini yakipashwa moto sana hutoa chembe ndogo mno za umeme ziitwazo elektroni, na chembe hizo hurukia bamba lile, likiwa lina nguvu ya umeme ya kuzivuta. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza sehemu ya tatu kati ya hizo mbili, yaani wavu mwembamba wa waya. Wavu huo ndio uliobadili mambo.

Ili tuufahamu, tufikiri mifereji ya maji ya mlimani, kama ile ya Wachagga huko Kilimanjaro. Maji ya mtoni yana nguvu nyingi yenyewe. Mahali yaingiapo shambani pana lango. Tuseme kwamba lango hilo ni ubao, na mtoto ameushika. Akiuinua kidogo, maji mengi hupita. Akiushusha, maji hupungua. Mkono wa mtoto hauna nguvu za mto, lakini mto hufuata mkono wake. Katika valvu, mto ni umeme mkubwa wa volti mia kadha, lango ni ule wavu, na mkono wa mtoto ni ule umeme hafifu utokao katika gitaa. Hivyo kidogo huamuru kikubwa, na kikubwa huchukua sura ya kidogo. Hiyo ndiyo maana ya kukuza sauti.

Valvu moja haitoshi. Kwanza umeme wa gitaa hupita katika valvu ndogo. Iliyo maarufu kuliko zote katika kazi hii huitwa kwa namba zake, 12AX7. Kisha hufika kwa valvu kubwa za nguvu, kama vile 6L6 zilizoanzia Marekani, au EL34 na EL84 za Ulaya. Mwisho hupita katika transfoma, ambayo huugeuza umeme wa volti nyingi uwe wa kuifaa spika. Spika huitikisa hewa, nasi twasikia. Mtu akitazama nyuma ya kasha gizani huziona valvu ziking'aa kwa rangi ya chungwa, na akiweka mkono karibu huhisi joto lake. Ndiyo sababu amplifaya hizi hazisemi mara ziwashwapo. Yabidi kungoja kidogo hata moto ushike.

Mafundi na kazi zao

Fundi wa kwanza wa kutajwa ni Leo Fender wa mji wa Fullerton, California. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio zilizoharibika, na kutoka kazi hiyo akaingia katika kuunda amplifaya na magitaa. Yeye mwenyewe hakuwa mpigaji wa gitaa. Alijua kusikiliza malalamiko ya wapigaji. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la umeme. Kabla ya hapo wapigaji wa besi walitumia ala kubwa ya mbao iliyopita kimo cha mtu, na kuichukua safarini ilikuwa taabu. Kwa kuwa besi hii mpya nayo ilihitaji kukuziwa sauti, mwaka 1952 akaiundia amplifaya yake, akaiita Bassman, yaani mtu wa besi.

Besi humtaabisha fundi kuliko gitaa. Uzi wake mnene hutikisika mara 41 tu kwa sekunde, na sikio la mwanadamu halisikii sauti nzito kwa urahisi kama lisikiavyo sauti za katikati. Kwa hiyo, ili besi isikike sawa na gitaa, yahitaji nguvu nyingi zaidi, na spika ziwezazo kusukuma hewa nyingi. Everett Hull wa Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji wa besi, alianzisha kampuni ya Ampeg akiwa na haja hiyo moyoni. Mwaka 1960 Ampeg ilitoa amplifaya iitwayo B-15, ambayo kichwa chake chenye valvu hupinduliwa na kufichwa ndani ya kasha la spika wakati wa safari. Mwaka 1969 ikatoa SVT, yenye wati 300 na valvu 14, ambayo kichwa chake peke yake hupita kilo 35. The Rolling Stones walikwenda nazo katika safari yao ya Marekani mwaka ule ule.

Katika Uingereza, kampuni ya Tom Jennings ya mji wa Dartford ilitoa Vox AC30 karibu na mwaka 1960, kazi ya fundi Dick Denney. Ni amplifaya ya wati 30 hivi, yenye valvu nne za EL84 katika sehemu ya nguvu, nayo ilisikika katika muziki wa The Shadows na wa Beatles.

Mwingine ni Jim Marshall, mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, aliyekuwa na duka la ala za muziki huko Hanwell, London. Vijana waliokuja dukani walitamani amplifaya za Fender, lakini bei yake ilikuwa kubwa kwa kuwa zilivuka bahari. Mwaka 1962 yeye pamoja na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, waliunda yao kwa kufuata mchoro wa Bassman. Sehemu walizozipata Uingereza hazikuwa sawa kabisa na zile za Marekani, na sauti nayo haikuwa sawa. Hivyo amplifaya iliyobuniwa kwa ajili ya besi ilizaa amplifaya ya gitaa iliyoenea duniani kote.

Wakati ule ule umati wa wasikilizaji ulizidi kukua, na wati nazo zikapanda. Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga muziki katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu 55,000 hivi, wakiwa na amplifaya za Vox za wati 100. Hata hivyo kelele za mashabiki zilizidi muziki. Yafaa kujua kwamba wati 100 hazina sauti mara mbili ya wati 50. Tofauti yake kwa sikio ni ndogo tu. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu, nguvu hutakiwa kuongezwa kama mara kumi. Ndiyo sababu mashindano ya wati hayana mwisho mwema.

Kasoro iliyogeuka uzuri

Sasa tumefika penye kiini cha habari yetu. Mafundi hao walitaka sauti itoke kubwa, lakini safi kama ilivyoingia. Walakini kila valvu ina mwisho wake. Turudi kwenye mfereji. Mtoto akiendelea kuinua ubao hata lango likawa wazi kabisa, kuinua zaidi hakuongezi maji. Kadhalika valvu ikidaiwa zaidi ya iwezavyo kutoa, kilele cha wimbi la umeme hakipandi tena, bali hubanwa. Wimbi lililokuwa na kichwa cha mviringo huwa na kichwa bapa. Sikio husikia badiliko hilo kama sauti mpya zilizoongezwa juu ya ile ya kwanza. Na mlio huwa mnene, wenye mkwaruzo, na wenye kukawia kabla ya kufa.

Kwa mhandisi, hiyo ni kasoro. Lakini tufikiri mtu amwitaye mwenzake aliye ng'ambo ya bonde. Akiita kwa nguvu zake zote sauti yake hukwaruza, nasi hatusemi kwamba imeharibika. Twajua kwamba ana jambo. Mwimbaji wa ngoma naye, mchezo ukipamba moto, huacha ulaini wa sauti. Mkwaruzo ni alama ya nguvu na ya moyo. Gitaa, ambalo kwa asili lina sauti ya upole, lilipata kwa valvu uwezo wa kuita namna hiyo.

Tena kasoro hii hutii mkono, na hili ndilo wapigaji walisifulo kuliko yote. Katika amplifaya ya valvu iliyowekwa vizuri, mpigaji akigusa uzi polepole sauti hutoka safi. Akiupiga kwa nguvu, hukwaruza. Na kati ya hali hizo mbili hakuna ukuta, bali mteremko. Vile vile, katika amplifaya nyingi za kale, mpigo wa nguvu hushusha umeme wa chombo kwa nukta moja, kisha umeme hupanda tena, na sauti huwa kama inayovuta pumzi. Hivyo amplifaya imekuwa sehemu ya ala yenyewe, na mpigaji huipiga pamoja na gitaa lake.

Mambo hayo hayakupangwa na mtu. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilisafiri kutoka Mississippi kwenda Memphis kurekodi wimbo uitwao Rocket 88. Husimuliwa kwamba amplifaya ya mpigaji wa gitaa, Willie Kizart, iliharibika safarini, na spika yake ikashindiliwa karatasi. Ilitoa mlio wa mkwaruzo. Sam Phillips, mwenye studio, hakuukataa, na mlio ule wasikika katika santuri ile hata leo. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks aliikata kwa wembe karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo, makusudi kabisa, apate sauti aliyoitaka. Mwaka 1966 Eric Clapton aliingia studio pamoja na bendi ya John Mayall, akaifungulia amplifaya yake ya Marshall sauti kubwa kama ya jukwaani. Kisha akaja Jimi Hendrix, ambaye kabla ya kufa kwake mwaka 1970 alionyesha kwamba hata ule uvumi utokao gitaa lisimamapo mbele ya spika yake, ambao mafundi huuogopa, waweza kuongozwa kwa mkono ukawa wimbo.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Katika mji wa Kinshasa kikundi cha Konono No. 1, kilichoanzishwa na Mawangu Mingiedi katika miaka ya 1960, kilipiga likembe, yaani ala ndogo ya vipande vya chuma ipigwayo kwa vidole gumba. Sauti yake ni ndogo, na kelele za mji ni kubwa. Wapigaji walijiundia maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari, na sauti ikatoka na mkwaruzo mwingi. Hawakuuondoa, wakaufanya kuwa sehemu ya muziki wao, na katika miaka ya 2000 muziki huo ulishangiliwa hata Ulaya na Marekani. Hiyo si habari ya valvu, lakini somo ni lile lile.

Transista zilipokuja

Transista ilivumbuliwa katika maabara za Bell, Marekani, mwezi wa Desemba 1947. Ni ndogo, haihitaji kupashwa moto, haivunjiki kama kioo, na hula umeme kidogo. Lakini ilikawia kufika kwa wapigaji wa magitaa. Bendi za Kongo zilizotumia magitaa ya umeme katika miaka ya 1950, kama vile OK Jazz iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1956, zilipiga katika zama za valvu bado. Fender ilitoa amplifaya za transista mwaka 1966, lakini wapigaji hawakuzipenda, na baada ya miaka michache ziliachwa. Transista za siku zile zilipofika mwisho wa nguvu zake zilifika kwa ghafula, kama mtu ajigongaye ukutani gizani, na mlio wake ukawa mkali wa kuchoma.

Haki yataka tuseme pande zote mbili. Ufundi wa transista umeendelea sana, na wapigaji wengi wa besi leo huchagua amplifaya nyepesi za transista, kwani hakuna raha katika kubeba SVT ngazini. Tangu miaka ya 1990 kompyuta nazo zimefundishwa kuiga sauti za amplifaya za kale, na wasikilizaji wengi hawawezi kutambua tofauti. Tena valvu si peke yake iletayo sauti: transfoma, spika, kasha na mchoro vyote vina fungu lake. Mtu asemaye kwamba hakuna sauti njema ila ya valvu amepita kiasi.

Lakini iko sifa moja ambayo haina mashaka, nayo ni kwamba chombo hiki hutengenezeka. Ukifungua amplifaya ya Fender ya mwaka 1958, waona kila sehemu imeungwa kwa mkono, waya kwa waya, wala hakuna kilichofichwa. Fundi aliyefundishwa, mwenye chuma cha kulehemu na kipimo cha umeme, aweza kuifuata njia ya sauti tangu mwanzo hata mwisho, akatoa kilichokufa na kutia kizima. Valvu zenyewe hazikulehemiwa, bali huchomekwa na kuchomolewa. Ndiyo maana vyombo vya zaidi ya miaka 60 vyafanya kazi bado, huku vingi vya juzi vikitupwa kwa kukosa sehemu moja tu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wanunuzi wa vitu vya kale wamelijua hilo, na bei zimepanda. Mwaka 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13, na hata sasa wanunuzi huuliza kwanza kama amplifaya iliundwa kabla ya mwaka huo au baadaye. Lakini anayetaka muziki, si biashara, asidanganywe na tarehe. Amplifaya ndogo ya Fender iitwayo Champ, yenye valvu moja tu ya nguvu na wati 5 hivi, hufikia ule mkwaruzo mtamu bila ya kuamsha mtaa mzima.

Uhai wa vyombo hivi, hata hivyo, watoka mbali. Valvu huchoka kama vile taa zichokavyo, na viwanda vikubwa vya zamani, kama RCA wa Marekani na Mullard wa Uingereza, haviziundi tena. Valvu nyingi za magitaa leo hutoka Slovakia, Urusi na China. Mwaka 2022, mwanzoni mwa vita kubwa ya Urusi na Ukraine, ilitangazwa kwamba valvu za Urusi zimezuiwa kutoka nchini. Watu walikimbilia kununua, na bei zikapanda. Ndipo wapenzi wa amplifaya walipoona jinsi sauti waipendayo ilivyo mikononi mwa viwanda vichache mno.

Mambo ya kujihadhari

Imebaki sehemu ambayo naomba isikilizwe kuliko zote, kwa kuwa chombo hiki chaweza kuua.

Kwanza, ndani yake mna umeme wa volti 300 hata 500. Tena nguvu hiyo haitoki yote chombo kizimwapo na waya wake kuchomolewa ukutani. Hubaki ndani ya sehemu ziitwazo kapasita, kama maji yabakivyo mtungini baada ya mvua kwisha. Kwa hiyo mtu asiyefundishwa asikifungue, hata kikiwa kimezimwa tangu jana.

Pili, amplifaya nyingi za kale za Marekani zilitoka kiwandani na waya wa njia mbili tu, bila ya njia ya tatu iendayo ardhini. Mpigaji hushika nyuzi za chuma zilizoungwa na chombo hicho. Umeme ukipotea njia, mwili wake ndio njia. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa maikrofoni ambayo haikuungwa na ardhi ipasavyo, hali ameshika gitaa lake, akafa jukwaani. Alikuwa kijana bado. Basi fundi na atie waya wa njia tatu kabla ya jambo lingine lolote.

Tatu, umeme wa nyumbani wa Marekani ni volti 120 hivi, lakini wa Kenya, Uganda na Tanzania ni volti 230 hata 240. Amplifaya iliyoundwa kwa umeme wa Marekani tu, ikichomekwa huku bila ya transfoma ya kupunguza nguvu, huungua mara moja.

Nne, amplifaya ya valvu isipigwe bila ya spika kuungwa. Nguvu ikikosa pa kutokea yaweza kurudi na kuharibu transfoma, ambayo ni sehemu ya bei kubwa.

Tano, iliyolala ghalani miaka mingi isiwashwe kwa pupa. Kapasita zake huwa zimekauka, na zaweza kupasuka. Fundi aipime kwanza.

Sita, usipige besi kwa sauti kubwa katika amplifaya ndogo ya gitaa, kwani sauti nzito huweza kurarua spika yake.

Saba, tunza masikio. Pete Townshend wa bendi ya The Who, ambaye alikuwa miongoni mwa waliowataka mafundi wa London waunde amplifaya za wati 100, amesema wazi kwamba usikivu wake umeharibika. Spika iliyoraruka hununuliwa; sikio halinunuliwi.

Neno la mwisho

Tumeona jinsi kitu kilichobuniwa kwa ajili ya redio kilivyoingia mikononi mwa wanamuziki, wakakidai zaidi ya kiwezavyo kutoa, na katika kushindwa kwake wakasikia sauti ambayo haikuwako. Mafundi hawakukosea walipoiita kasoro, kwani kwa vipimo vyao ilikuwa kasoro kweli. Wapigaji nao hawakukosea, kwani wao walipima kwa sikio. Vipimo vyote viwili vyahitajiwa: cha kwanza hutulinda tusife kwa umeme, na cha pili hutuambia chombo ni cha nini.

Basi mtu akikuta kasha zito la kale katika ghala la shule au la ukumbi wa dansi, lenye chupa za kioo nyuma yake, asilitupe wala asiliwashe. Amwite fundi ajuaye kazi. Huenda lina miaka mingi ya kusema bado.